Mistari Minane Mwambani

Mke wangu Modesta alifua mashuka ya serikali miaka thelathini na minne. Wakubwa walikuja, wakalala, wakaondoka, na asubuhi mashuka yao yakashuka kwake. Amefariki Machi mwaka huu. Kutoka huko alikofanya kazi hakuja mtu kuzika, hata mlinzi. Sikuwategemea. Hasira yangu si hiyo. Ni ya zamani kuliko hiyo, na nitaieleza.

Jumba la Mwambani lilijengwa na Mjerumani, juu ya mwamba unaotazama ziwa, kuta za mawe nene kama urefu wa mkono. Mwingereza akaja, akaongeza veranda na kota za watumishi nyuma, akakaa hapo bwana wao mkubwa wa jimbo. Tulipopata Uhuru serikali yetu ikapaka chokaa, ikapandisha bendera, likawa ikulu ndogo. Geti likabaki lile lile.

Modesta alikuwa Mkerewe. Alivuka kwa meli na sanduku la bati, akiwa na miaka kumi na tisa, akafikia kwa shangazi yake, mtaa wa Pasiansi. Baada ya miezi michache akawa mfuaji wa Jumba. Mimi nilikuwa mponda mawe. Tulikutana ndani ya geti, nimeleta kokoto za njia ya magari. Alisimama na beseni kiunoni akaniambia, "Kaka, kokoto zako zina vumbi, na vumbi hilo litanirudia mimi." Nilizimwagia maji zote, ndoo kwa ndoo, wenzangu wakinicheka. Mwaka ule ule nikapeleka mahari Ukerewe. Tukapewa chumba kimoja kwenye kota, ndani ya ua.

Kazi yake niliiona kwa macho. Kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wakitua kwenye shuka bichi, ukiwafuta wanaacha doa, na shuka linarudi kwenye beseni. Modesta alikuwa akisugua huku macho yako ziwani. Moshi ukiwa bado mbali, upande wa visiwa, ameshapiga kelele: "Anueni! Wanakuja!" Wenzake wakasema huyu Mkerewe ananusa wadudu. Wakacheka. Wakafua mara ya pili. Baada ya hapo akisema anueni walianua.

Jioni akinyoosha mgongo alinisimulia. "Hawa wakubwa mimi nawajua kwa mashuka yao," alisema. "Yule anayefoka sana kwenye redio, analala amejikunja kona moja kama mtoto. Upande wa pili hata haujaguswa." Hakuwahi kumtaja mtu jina. Alikuwa na siri za nchi nzima na hakuuza hata moja.

Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Mihayo, jina la baba yangu. Alizaliwa Oktoba sabini na saba. Alikuwa na miezi minane, ameanza kushika ukuta na kusimama, Juni ilipofika na Jumba likapata mgeni mkubwa. Mkubwa kiasi gani hatukuambiwa. Tuliambiwa geti limefungwa. Aliye nje abaki nje, aliye ndani abaki ndani, mpaka mgeni aondoke.

Mimi nilikuwa nje. Nilirudi kutoka kwenye mawe jioni nikakuta askari nisiowajua. Nikasema naishi humu. Wakasema njoo kesho. Kesho wakasema kesho. Nikawa nalala kwa shangazi wa Modesta, Pasiansi, na kurudi getini kila asubuhi.

Ndani, Mihayo alipata homa. Siku ya pili ikawa degedege. Msimamizi wa watumishi alikuwa mzee Paulo, mtu mpole. Alifuatana na Modesta mpaka getini, mtoto mgongoni. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ofisa aliyekuwa pale alisema, "Amri ni amri, mama. Mpe maji." Mimi sikuwepo dakika hiyo; askari walikuwa wamenifukuza nikae chini kabisa barabarani. Nisingeweza kitu. Lakini ningeiona sura yake yule ofisa. Wakarudi ndani. Saa saba mchana mtoto akatulia, na hakuamka tena.

Mgeni alikuwa mezani. Paulo alimshika Modesta mabega mawili akamwambia, "Mama Mihayo, nakuomba, usipige yowe. Watatufukuza wote, na mimi nina watoto saba."

Huku kwetu mtu akifa analiliwa. Yowe ndilo linalowaambia watu kwamba huyu alikuwepo. Jirani akilisikia anaacha ugali motoni anakimbia, haulizi kwanza ni nani. Modesta aliuziba mdomo wake kwa khanga. Jioni walimzika mtoto nyuma ya chumba cha kufulia, kando ya jiwe kubwa, amefungwa kwenye shuka la Jumba. Hakuna aliyelia. Mgeni hakusumbuliwa.

Geti lilifunguliwa siku ya tatu. Nilimkuta Modesta anakunja mashuka ya mgeni. Alinitazama, akaendelea kukunja mpaka la mwisho. Ndipo akanipeleka nyuma, akanionyesha udongo.

Siku hizo sikujua herufi. Ngumbaru nilisoma baadaye. Nilinunua tindo mpya dukani kwa mzee Rajabali, nikachonga msalaba kwenye lile jiwe, na chini yake mistari minane iliyosimama, mstari kwa kila mwezi aliokaa nasi. Jumapili tano. Mwamba wetu ni mgumu. Nilipoanza mstari wa kwanza tindo ilimeguka, ikabaki na pengo kwenye makali. Sikuinoa. Nilimaliza nayo hivyo hivyo. Modesta akaifunga kwenye kipande cha kitambaa, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati, na tindo ile haikufanya kazi nyingine.

Hatukuondoka pale. Watu wameniuliza kwa nini. Ungeondokaje, na yeye yuko hapo?

Miaka kumi na mitano ikapita. Siku moja akaja mgeni Mzungu, akatembezwa bustanini na mkubwa wa Jumba wa wakati huo. Mzungu akaona jiwe, akauliza. Mkubwa hakujua, na mkubwa hawezi kusema hajui. Akasema, "Hao ni askari wa Kijerumani, wa vita ile ya kwanza." Mzungu akahesabu mistari. Minane. Akavua kofia. Modesta alikuwa hatua tano kutoka pale, ameshika nguo mbichi.

Wiki iliyofuata zikaja nguzo nyeupe na mnyororo. Wakapanda maua. Mtu akapewa kazi ya kufagia.

Niliposikia nilichukua shati langu. Nilisema naenda kuwaambia sasa hivi. Modesta akakaa mlangoni, akaufunga kwa mwili wake.

"Baba Mihayo, waache."

"Niwaache na mwanangu?"

"Mtoto wa mfua nguo watamfukua siku wanayotaka. Mjerumani hawamgusi."

Yeye peke yake ndiye aliyeniita Baba Mihayo. Baada ya Mihayo tulimpata Rebeka, na watu wote wananiita Baba Rebeka.

Alisema kweli, na ukweli huo ulinichoma kila mwaka. Walibomoa kota, jiwe likabaki. Walihamisha chumba cha kufulia, jiwe likabaki. Sisi wenyewe walituhamisha, tukaenda Igoma, tukajenga vyumba viwili. Modesta akawa anapanda magari mawili kwenda kazini, anapita kando ya mnyororo na beseni lake kama mtu anayepita kaburi la mgeni. Hakusimama. Angesimama wangemuuliza. Alipostaafu walimpa khanga na cheti. Cheti kilikosea jina lake, waliandika Modester. Alicheka, akakifunikia mtungi.

Figo ndizo zilizomchosha. Siku za mwisho hakuongea sana, na mimi si mwongeaji. Lakini Jumatano moja aliniita nikae kitandani.

"Mimi sikumlilia," alisema.

"Najua."

"Nenda ukamlilie. Pale pale alipo. Kabla hamjamaliza msiba wangu. Mfunge msiba wetu wote wawili pamoja."

Nikasema nitakwenda. Jumapili akafa.

Tuliamua kumaliza msiba siku ya arobaini. Kwa hiyo nilikuwa na siku arobaini za kuingia kwenye ua nilioishi miaka mingi.

Jumba lilikuwa kwenye ukarabati. Getini nilimkuta kijana wa ulinzi, Pius, anatoka Buhongwa. Alinipa shikamoo vizuri. Nikamwambia nataka kuona kaburi la mwanangu.

"Mzee, humu hakuna kaburi la mtu. Kuna la Wajerumani tu."

"Ndilo hilo."

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba. Akaniambia niandike barua. Niliandika, kwa mkono wangu. Mara ya pili akaniambia barua imefika kwa Bi Getruda, meneja. Mara ya tatu Bi Getruda mwenyewe alitoka, mwanamke nadhifu, kofia ya ujenzi kichwani. "Mzee wangu, pole kwa msiba. Lakini eneo la kumbukumbu halifunguliwi kwa watu binafsi. Kuna utaratibu." Akarudi ndani. Nilibaki nimeshika kofia yangu. Utaratibu! Mwaka ule uliitwa amri. Sasa unaitwa utaratibu.

Siku ya thelathini na nane simu ikalia. Alikuwa Irfan, mjukuu wa mzee Rajabali, anayeuza vifaa vya ujenzi duka lile lile.

"Mzee Chenge, shikamoo. Bado unashika nyundo?"

"Marahaba. Naishika kuliko wewe unavyoshika hiyo simu."

Akacheka. "Kuna kazi Jumbani. Wana kibao cha shaba, wanataka kukifunga kwenye jiwe. Fundi wao alileta drili, jiwe likaanza kutoa ufa, akaogopa akaacha. Nimewaambia mjini hapa yuko mzee mmoja tu anayejua kutoboa mwamba kwa mkono. Kesho asubuhi, maana keshokutwa wana wageni."

"Jiwe gani?"

"Lile la Wajerumani."

Niligeuka nikatazama sanduku la Modesta.

"Mzee, upo?"

"Nipo."

Nilifungua sanduku la bati. Kile kitambaa bado kilinuka sabuni yake.

Asubuhi Pius alifungua kidirisha cha geti. "Mzee, si wewe uliyekuja juzi?"

"Juzi nilikuja kama baba. Leo nimekuja kama fundi. Fungua."

Akafungua.

Sikuutambua ua. Kila mahali wametandika vitofali vya kijivu. Pale kota ilipokuwa kuna greda limesimama, dereva wake anakunywa chai kivulini. Ufa wa drili ulikuwa mdogo, nyuma ya jiwe, haujafika kwenye msalaba. Nilipitisha kidole nikashukuru. Kisha nikaona kibao, kimeegeshwa chini. Nilisoma herufi kwa herufi, kidole juu ya shaba, kama tulivyofundishwa ngumbaru.

HAPA WAMELALA ASKARI WANANE WA KIJERUMANI.

Mihayo alikuwa na miezi minane. Wamemgeuza watu wanane.

Bi Getruda alikuja na simu sikioni, akaikata. "Mzee, matundu manne, kila kona. Usiguse maandishi ya zamani."

"Mama, hapa hakuna Mjerumani. Huu msalaba nimeuchonga mimi. Chini amelala mwanangu."

Akatabasamu lile tabasamu la kumtuliza mzee. "Baba, wataalamu walikuja na makaratasi yao. Sasa wewe ulikuwa wapi siku zote?"

"Getini."

Tabasamu likaisha. Nikafungua kitambaa, nikatoa tindo, nikamwita ainame. Ndani ya kila mstari, katikati, kuna uzi mwembamba wa jiwe uliobaki, kama mshono. Nikaweka makali ya tindo kwenye mstari wa kwanza. Pengo likakaa juu ya uzi. Mstari wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Mpaka wa nane. Aliinama muda mrefu. Aliposimama alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mzee, nakusikia. Lakini na mimi nikuambie ukweli. Mchoro ulitaka maegesho ya magari yafike mpaka hapa. Pamebaki kwa sababu ya hao Wajerumani. Ukiwaondoa, Jumatatu greda linaingia. Sasa chagua mwenyewe. Toboa matundu yako, mwanao atafagiwa na kuwekewa maua mpaka mwisho wa dunia."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alisema maneno yale yale ya Modesta, ila Modesta aliyasema na uchungu wake mwenyewe.

Nilipiga goti. Nikaweka tindo kwenye kona ya kwanza, nikainua nyundo. Nikafikiri. Modesta alimlinda kwa kunyamaza, na kunyamaza kumetufikisha kwenye kibao hiki. Mimi nikifa, na kibao kikiwa juu yake, hakuna mtu atakayejua kwamba Mihayo aliwahi kushika ukuta akasimama. Na mama yake hakunituma nitoboe. Alinituma nilie.

Nikaweka nyundo chini. Nikapiga yowe.

Mwanamume wa Kisukuma hapigi yowe. Analia kifuani. Nililipiga lile lililozibwa na khanga ya Modesta, kwa sauti ya miaka yote, saa nne asubuhi, kwenye ua wa serikali. "Mihayo! Mwanangu Mihayo! Mihayo wee!"

Wa kwanza kutoka alikuwa mfuaji wa sasa, jina lake Dorcas. Alikuja mbio, mapovu mpaka viwikoni, mikono kichwani, analia tayari. Nyuma yake wapishi. Nyuma yao wafagizi, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapaka rangi, brashi bado mkononi. Hawakujua nani amekufa. Hakuna aliyeuliza. Waliruka mnyororo kama haupo, wakakaa chini kwenye maua, wakalia na mimi.

"Nyamazeni!" Bi Getruda alikuwa anazunguka huku na huku. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mwanangu," nikasema.

"Lini?"

"Sabini na nane."

Dorcas akanishika mkono. "Anaitwa nani, babu?"

"Mihayo. Mama yake alikuwa mfuaji hapa. Modesta."

"Modesta aliyenifundisha kuanua!" Akageuka kwa wenzake. "Ni mtoto wa Mama Modesta!" Akapiga yowe upya, na safari hii kwa jina. Wote wakalishika. Jina la mwanangu lilipita juu ya ukuta likashuka kwenye mawe mpaka ziwani. Pius alikuja mbio kutunyamazisha. Alipofika alivua kofia.

Hatukulia sana. Robo saa, labda. Dorcas akafuta uso kwa mapovu yake, akasema, "Pole, Baba Mihayo."

Sikuwa nimetegemea kulisikia tena jina hilo. Hapo ndipo nililia bila sauti.

Dereva wa greda alikuwa amesogea, kikombe mkononi. "Madamu," akamwambia Bi Getruda, "mimi mashine yangu hapa siileti. Nimesikia mtu analiliwa hapa. Tafuteni mwingine."

"Na huyo mwingine tutamwambia," Dorcas akasema.

Bi Getruda alinikabili, macho mekundu. Kwa hasira au kwa kingine sijui. "Mzee, umeniharibia kazi."

"Na mimi mliniharibia mtoto."

Nikafunga tindo kwenye kitambaa. Matundu sikutoboa. Kibao nilikiacha pale pale chini, kimetazama angani.

Msiba tuliumaliza siku ya arobaini, Igoma, wa wote wawili. Rebeka alitaja majina mawili kwenye sala. Dorcas alikuja jioni na wenzake wanne, akaniambia wageni walifika Jumbani asubuhi ile kama ilivyopangwa, wakaweka maua. Bi Getruda aliwaambia ni kaburi la zamani la mtu wa hapa. Mtu wa hapa! Jina bado linamshinda kusema.

Nimemwandikia barua nyingine. Siombi kuingia safari hii. Namjulisha siku nitakayokuja. Hajajibu. Tindo ile nimeinoa, mara ya kwanza tangu Mihayo. Jina lake ni herufi sita. Nitahitaji siku mbili, tatu kama mkono utasumbua.